Lori lina risiti, kisima hakina

Bibi alikuwa ndani ya shimo, mchanga umemfika kiunoni. Anachota kwa kopo lililokatwa kutoka dumu la mafuta ya kula, anamimina kwenye ndoo, kisha anasubiri. Maji yanajikusanya chini ya shimo pole pole, ya rangi ya chai ya maziwa mwanzoni, halafu yanatulia na kung'aa. Mpaka ndoo ikajaa tulikuwa tumeshamaliza habari za watoto, za mvua iliyokatika mapema na za bei ya mahindi.

Kuzunguka shimo kulikuwa na matawi ya miiba, ng'ombe wasije wakatumbukia usiku.

Hatua kama mia juu yetu, katika korongo lile lile la njia ya Hombolo, Dodoma, vijana walikuwa wanapakia tipa. Machepe yanagonga bodi, mchanga unamwagika, redio ya dereva inaimba. Nilikuwa nimemsindikiza shemeji yangu, anajenga Ihumwa na alitaka kununua mchanga wa plasta penye chimbuko badala ya kumlipa dalali. Shemeji alikuwa huko juu anapatana bei ya tripu. Mimi nilibaki na bibi.

Akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mjukuu wangu, hawa wakimaliza hapo juu watashuka hapa. Mimi nitachimba wapi?"

Nilicheka kidogo, ile ya mtu asiye na jibu. Swali likapanda gari na mimi mpaka mjini, na wiki kadhaa baadaye bado lilikuwa limekaa sebuleni.

Mto uko chini

Sisi wa kanda ya kati hatuhitaji kuelezwa kwamba mto unaweza kukauka juu ukaendelea kuwa mto. Mgeni akivuka daraja la Kinyasungwe mwezi wa kumi anaona mchanga mtupu na kuulizia mto uko wapi. Mwenyeji anaangalia mikuyu ya kandokando, akiona majani ni mabichi anajua maji hayako mbali.

Mchanga wa korongo ni mtungi. Mvua ya masika inashuka kwa fujo, mafuriko yanapita kwa saa chache au siku chache, lakini sehemu ya maji inazama katikati ya chembe na kubaki humo. Juu ya ardhi, maji ya wazi Dodoma yanaweza kupotea kwa jua na upepo kwa kiasi kinachozidi mara tatu mvua tunayoipata kwa mwaka. Ndani ya mchanga, ukishapita nusu mita na kidogo, jua halifiki tena. Ndiyo maana bwawa dogo linakauka mwezi wa nane na shimo la bibi bado lina maji mwezi wa kumi.

Nikapiga hesabu, kwa sababu nilitaka kujua kama ninahuzunika bure. Mchanga wa chembe kubwa ukishiba maji unaweza kuachia kama robo ya ujazo wake. Twende chini, tuseme moja ya tano. Tipa ya mita za ujazo 5 inaondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 1,000. Hayo ni madumu 50 ya lita 20.

Na nafasi hiyo hujazwa upya kila masika. Anayeuza mchanga anauza mara moja kitu ambacho mwenzake alikuwa anakitumia kila mwaka.

Jiji nalo linakunywa mchanga

Ingekuwa rahisi kuliacha suala hili kama la vijijini, la bibi na ndoo yake. Lakini maji ya bomba ya Dodoma, kwa sehemu kubwa, yanatoka visima virefu vya Makutupora, eneo la Mzakwe. Kina cha maji ya pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na ni maeneo machache sana Afrika yenye kumbukumbu ndefu kiasi hicho. Vipimo vinasimulia jambo ambalo mzee yeyote wa Kigogo angekubaliana nalo: mvua ya kawaida haiongezi kitu cha maana. Maji yanashuka mwaka baada ya mwaka, halafu inakuja masika moja ya kutisha na kujaza. Ile ya El Niño ya 1997/98, iliyong'oa madaraja na kuua mazao, ndiyo iliyoongeza maji mengi kuliko zote katika kumbukumbu hizo.

Na maji hayo yanaingiaje ardhini? Sehemu kubwa inapenya kupitia sakafu za mchanga za vijito na makorongo yanayolisha Kinyasungwe Mdogo, katika zile siku chache mito inapotiririka.

Sisemi kwamba tipa za njia ya Hombolo zinakausha Makutupora. Hombolo iko chini, Makutupora iko juu, na maji hayapandi mlima. Ninachosema ni kwamba wakazi wa jiji, ambao sensa ya 2012 iliwahesabu 410,956 na ile ya 2022 ikawakuta 765,179, wanaishi kwa utaratibu ule ule wa bibi. Tofauti ni kwamba sisi tuna pampu.

Watu hao 765,179 wanahitaji nyumba. Nyumba zinahitaji mchanga. Makorongo yaliyo karibu na lami ndiyo yanayoanza kuliwa.

"Mchanga unarudi"

Shemeji yangu si mtu mbaya, na nilipomwambia habari za bibi alinijibu jibu la maana: "Masika ikija, mchanga unarudi. Korongo halijawahi kukosa mchanga."

Ni kweli. Tatizo la kihistoria la mkoa huu limekuwa mchanga kuzidi. Waulize watu wa Kondoa. Mmomonyoko kule ulikuwa umekata ardhi mpaka mtu akisimama ukingoni mwa korongo haoni kichwa cha aliye ndani, na mashamba ya chini yalifunikwa. Serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973. Mwaka 1979 ikachukua hatua ambayo hata leo ukiitaja Kolo au Haubi unapata kimya kwanza kabla ya maelezo: mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Miti na nyasi vilirudi, hilo halina ubishi. Waliohama na ng'ombe wao wana hadithi nyingine.

Bwawa la Hombolo nalo, lililojengwa mwaka 1957, limekuwa likijaa tope miaka yote hii. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikijiambia: kama mchanga ni mzigo kule juu na mzigo kule bwawani, kuna ubaya gani kijana akiuchukua katikati na kulipia ada ya mtoto?

Karibu nilale usingizi kwa jibu hilo.

Nilirudi korongoni kumtafuta yule kijana wa chepe aliyekuwa anapakia, maana nilimwona anaujua mchanga kuliko sisi sote. Ni mwenyeji wa kijiji hicho hicho, na bibi ni shangazi wa baba yake. Alinionyesha kwa mkono. Hapa, alisema, tulichimba mwaka juzi mpaka tukakuta udongo mgumu. Akachimbua kidogo kwa chepe, akachukua konzi na kuifinya. Ilishikana. "Huu uliorudi una tope, mafundi wanaukataa. Tukaenda juu zaidi." Akatembea mbele, akachukua konzi nyingine na kuifinya, ikamwagika yote katikati ya vidole. "Huu ndio wenyewe."

Huu ndio wenyewe wa plasta. Na ndio wenyewe wa maji.

Mchanga unarudi, lakini si lazima urudi ule ule, wala mahali pale pale. Ukichimba mpaka udongo mgumu, sakafu ya korongo inashuka, na maji yaliyokuwa yamejificha kwenye kingo yanatiririkia shimoni na kukaukia juani. Ukikata ukingo ili lori lishuke, masika inapita hapo hapo na kuchukua shamba la mtu. Na kuna sehemu ambazo mwamba umekatiza korongo kwa chini, ukauzuia mchanga na maji nyuma yake. Hizo ndizo wazee wanachimba visima, na ndizo madereva wanazipenda kwa sababu kina ni kirefu.

Nilimwuliza kijana kama haoni shida. Akaniangalia. "Naiona. Na wewe unaona nitakula nini?"

Vitabu viwili

Nilikwenda ofisi ya kijiji nikiwa na swali dogo tu: malori mangapi yanapakia hapa? Nilitegemea kuzungushwa. Kumbe jibu lilikuwepo, limeandikwa vizuri, kwa sababu kila tripu ina ushuru na kila ushuru una risiti. Nikauliza swali la pili: visima vya mchangani viko vingapi, na vinakauka mwezi gani?

Hakuna kitabu cha hivyo.

Hapo ndipo kilichokuwa kinanisumbua kilipopata sura. Nimesoma sheria zetu, na kwenye karatasi bibi amelindwa vizuri kuliko wote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele ya yote, kisha mazingira, halafu ndipo wengine wanafuata. Anayechota kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali cha bodi ya bonde, ofisi inayogawa maji ya mto na vijito vyake. Ni msamaha wa huruma na haki, nani atamdai kibali mwanamke mwenye kopo?

Lakini ofisi zinajua kilichoandikwa. Mkulima wa zabibu mwenye pampu ana kibali, kwa hiyo yupo. Maji yanayoingia bwawa la Mtera yanapimwa kwa makini, kwa sababu yanazungusha mitambo ya megawati 80 pale pale kisha yanateremka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Mchanga wenyewe ni madini ya ujenzi kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2010, kwa hiyo una leseni na mrabaha. Bibi, aliye wa kwanza kisheria, hana karatasi hata moja inayosema yupo. Siku wakikaa kugawana korongo, kiti chake hakitakuwa kitupu. Hakitakuwepo kabisa.

Na korongo moja lina wenyewe wengi. Mchanga ni wa watu wa madini. Maji ni ya watu wa bonde. Kingo, mita 60 kila upande, ni za watu wa mazingira kwa Sheria ya mwaka 2004. Ardhi inayopitwa na lori ni ya kijiji. Ushuru ni wa halmashauri. Juu ya hayo yote, mkoa wa Dodoma umekaa penye mgawanyiko wa mabonde matatu: Kinyasungwe inakwenda Wami na kumalizikia Bahari ya Hindi, Kizigo inakwenda Ruaha na Rufiji, Bubu inaishia Bahi bila kuiona bahari. Makao makuu ya mabonde hayo yako Morogoro, Iringa na Singida. Sisi wenye makao makuu ya nchi tunasafiri kufuata habari za mito yetu.

(Najua kuna ofisi ndogo. Najua pia mwanakijiji hapandi basi kwenda kuulizia mchanga.)

Mzee wa ng'ombe alinirudisha nyuma

Kwa siku chache nilikuwa na suluhisho: tuwaandikishe. Tuhesabu visima vya mchangani vyote, majina ya wenyewe, tuviingize kwenye Jumuiya ya Watumia Maji, basi.

Nikamweleza mzee mmoja anayenywesha ng'ombe korongo hilo hilo. Ana birika lake la udongo kando ya kisima, amelikandika mwenyewe, na vijana wake wanapokezana kuchota. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wazee wetu wanavyofanya kabla ya kukubomoa.

"Mwanangu, ukiandikwa leo, kesho unatozwa. Keshokutwa unaambiwa mmezidi."

Nikataka kubisha, nikakumbuka Kondoa. Huwezi kuondoa mifugo yote ya eneo kubwa namna ile bila kwanza kujua ni ya nani na iko wapi. Ile orodha iliyokuja kuokoa ardhi ndiyo iliyowasindikiza watu nje. Na ile sheria ya mita 60, nzuri kabisa kwa mto, hebu fikiria siku operesheni inafika. Tipa limeshaondoka na mzigo wake. Anayekutwa ndani ya mita 60 ni mama mwenye tuta la mchicha, mzee mwenye birika, na bibi aliye ndani ya shimo.

Kwa hiyo sasa nina mashaka mawili yanayovutana na sijayapatanisha. Asiyeandikwa hasikiki. Aliyeandikwa anaonekana, na kuonekana kuna gharama zake kwa mtu asiye na mtetezi.

Pamoja na hayo, siwezi kukubali kwamba dawa ni kubaki gizani. Ninachokiona kinawezekana ni kitabu cha kijiji, si cha bonde wala cha halmashauri. Kitongoji kiandike visima vyake bila majina ya watu: kipo wapi, kina pingili ngapi za kamba mpaka kwenye maji, kilikauka mwezi gani. Kamba yenye mafundo haihitaji mtaalamu. Baada ya misimu miwili mitatu, mkutano mkuu wa kijiji unakuwa na kitu cha kuweka mezani pembeni ya kile kitabu cha risiti, na unaweza kusema: pakieni kuanzia kwenye kona kushuka chini, mwamba huu na juu yake msiguse, na msivuke kina hiki. Kijana wa chepe anaendelea kula. Alinionyesha mwenyewe sehemu zinazoweza kuachwa, wala sikumwomba.

Hili halitamalizwa na semina. Litamalizwa na mkutano wa hadhara wenye kelele, tena kabla ya masika, wakati kila mtu bado ana kiu na anakumbuka.

Bahi

Ningeishia hapo kama isingekuwa Bubu.

Mpango wa bwawa kubwa la Farkwa, wilayani Chemba, tumeusikia miaka mingi. Bwawa linakusudiwa kuzuia mto Bubu na kuleta maji Dodoma mjini na wilaya za jirani. Vijiji vya Mombose na Bubutole ndivyo vilivyotajwa kupisha, na habari za fidia zao zimeandikwa sana, kama ilivyostahili. Mwenye nyumba inayobomolewa anahesabika: ana vyumba, ana miti, ana makaburi.

Lakini Bubu haiishii Farkwa. Inateremka mpaka mbuga za Bahi, zile tambarare zinazofurika, inatandaa, na kule ndiko unakotoka mchele ambao sisi wa mjini tunaujua kwa jina kabla hata ya kuuonja. Mafuriko ya Bubu ndiyo umwagiliaji wa wengi wao. Yakishuka yanaacha kambale kwenye madimbwi na malisho mabichi wakati kwingine kote kumekuwa vumbi. Watu hawa hawavunjiwi nyumba na bwawa. Wanaletewa maji machache zaidi, au yale yale katika mwezi usiofaa, na mpunga hauna subira na mwezi usiofaa. Wengi wao wanategemea mafuriko ambayo hayajawahi kuhitaji kibali cha mtu.

Sheria ile ile ya 2009 inataka itengwe akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa mazingira ya mto kabla ya kuwagawia wengine. Ni kifungu kizuri. Ila akiba inakadiriwa kwa kujua nani anatumia nini na lini, na hapo tunarudi kwenye vitabu: upande wa jiji kuna mita mpaka kwenye nyumba ya mpangaji, upande wa mbuga kuna kumbukumbu za vichwani mwa wazee.

Sipingi Farkwa. Naishi Dodoma, nanunua maji ya bowsa mgao unapozidi, na siku bomba hilo likifika nitafungua koki kwa furaha. Ila kabla ya hapo kuna mambo matatu nataka kuyasoma yameandikwa mahali, kwa Kiswahili, yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata zote za mbugani: ni maji kiasi gani yataachiwa yapite kwenda Bahi, yataachiwa mwezi gani, na ni akina nani kule Bahi walioulizwa.